Somo la Jumamosi: Kalebu na mtaa wetu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Jumamosi saa 2 asubuhi tunaendelea na Yoshua 14. Someni mapema, hasa mstari wa 10 hadi 15. Kalebu, mmoja wa wapelelezi waliotumwa na Musa, ana miaka 85, ahadi ya kupewa nchi ameingoja miaka 45, na bado anaomba Hebroni iwe urithi wake, kule kwa Waanaki, watu warefu wa kutisha, na miji yenye maboma! Angeweza kuomba tambarare palipo shwari.

Sisi je, urithi wetu tunaudai wapi? Mimi naona ni hapa hapa mtaani: vijana wa kijiwe cha bodaboda, na yule mama mjane ambaye mabati yake yaling'olewa na upepo. Tukimaliza maombi tunakwenda kwake. Mwenye nyundo au misumari ya bati aje navyo. Chai ya kumpelekea tupange humu kundini leo.