Ua wa Maktaba ya Tanga Upigiwe Udi, Si Spika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu jambo linalozungumzwa siku hizi kwenye baraza yetu hapa Ngamiani, nalo ni kama inafaa muziki upigwe maktabani. Wapo wanaosema kwamba maktaba ni nyumba ya kimya na anayetaka ngoma aende uwanjani. Hoja yao naiheshimu, kwa kuwa nimekuwa msomaji kwa miaka mingi na naujua udhia wa kufungua kitabu huku spika za harusi ya jirani zikitikisa madirisha. Ila naona wanaichukia spika, kisha hukumu wanaipeleka kwa muziki.

Maktaba yetu ya Tanga, iliyozinduliwa mwaka 1958 na Gavana Edward Twining kwa jina la kumbukumbu ya Mfalme George wa Sita, ina ua ambao jioni hukaa bure baada ya wasomaji kuondoka. Katika ua uliozungukwa na kuta, sauti hairuki ikapotea kama inavyopotea uwanjani, bali hugonga ukuta na kumrudia msikilizaji, hata udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu, ukasikika vizuri bila kipaza sauti. Kwa sababu hiyo napendekeza muziki wa akustiki peke yake, yaani usiotumia umeme: udi, kanuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani), fidla, nai (filimbi ya mwanzi), rika (tari ndogo), dumbaki (ngoma ndogo) na koo la mwimbaji.

Najua nitachekwa kwa kusema hivi nikiwa Tanga, kwani ni mji huu huu, kwa vikundi kama Black Star na Lucky Star na sauti ya marehemu Shakila binti Said, ulioingiza gitaa la umeme na besi katika taarabu, na pwani nzima ikafuata. Siukani urithi huo. Nasema tu kwamba una kumbi zake, na kwamba vijana wengi wa leo hawajawahi kukaa hatua tatu kutoka kwa mpiga udi wakasikia risha yake ya kupigia ikigusa uzi.

Sababu iliyo kubwa kwangu, hata hivyo, imo ndani ya vitabu vyenyewe. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 Vibambani, si mbali na hapa, aliandika mashairi na tenzi kwa mizani na vina, na mizani haikuwekwa kwa ajili ya macho. Mshororo wa shairi wenye mizani 16 hugawanyika katikati, 8 kwa 8, na pale kwenye kituo ndipo mwimbaji anapovuta pumzi. Utenzi nao, wenye mizani 8 kwa kila kipande, una mahadhi yake ambayo bibi zetu waliyajua kwa moyo hata wale wasiojua kusoma. Mwanafunzi anayehesabu mizani kwa vidole ili afaulu mtihani, bila kulisikia shairi likighaniwa hata mara moja, amepewa ganda la nazi akaambiwa ndiyo nazi. Ningependa jioni hizo zianze kwa kitabu kutolewa rafuni, shairi lisomwe, kisha liimbwe kwa udi.

Utaratibu wake si mgumu. Ifanyike mara moja kwa mwezi, baada ya saa za kusoma, kwa idadi ya watu watakaotosha kwenye viti vya maktaba; asiingie mtu na chakula, na pasipigwe msumari ukutani. Desturi yetu ya kumtuza mwimbaji isizuiwe, maana taarabu bila kutuza imepooza, lakini mkutubi aweke kikapu pembeni, na sehemu ya fedha hizo ikashone vitabu vilivyoachana majalada, ambavyo kila msomaji amekwisha kuvishika.

Jambo moja waandaaji wasilipuuze ni hewa ya bahari. Vigoda vinavyoinua nyuzi za kanuni hukaa juu ya ngozi, na unyevu ukizidi ngozi hulegea na nyuzi zake zaidi ya 70 hushuka sauti. Mpigaji atahitaji muda mrefu wa kukaza kabla ya watu kuketi. Kwa hiyo ningeshauri jioni ya kwanza isiwekwe katika masika, na wapigaji wafunguliwe mlango mapema.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga