Barua kwa mwanangu: kabla hujajaza fomu ya kitambulisho

Amu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, ila bibi yako magoti yanamsumbua tangu kusi ianze kuvuma, na baba yako anashinda barazani kwa sababu bahari imechafuka.

Insha yako ya matatizo ya vijana ami kanifikishia. Nimeisoma mimi, kaisoma baba yako, na bibi kasomewa. Mwalimu kakupa alama nzuri na sina ugomvi naye, lakini kurasa mbili za mwanzo si zako. Madawa ya kulevya, shinikizo la marika, mitandao, ukosefu wa ajira: hayo kila mtoto wa kidato cha nne hufundishwa kuyapanga, na kila mgeni rasmi huyasema akishikishwa kipaza sauti. Wewe nimekusikia ukurasa wa tatu, pale mwalimu alipopiga mstari mwekundu akaandika “nje ya mada”.

Umeandika kwamba shuleni wanakuita Mwarabu. Ukija kwetu Amu, hapa mji wa Lamu, wenzio wa mtaa wa Mkomani wanakuita Mbajuni. Ukienda kisiwani Ndau kwa babu, huko nako unaitwa mtu wa mjini. Na mwezi wa kumi na mbili utatimiza miaka 18, utakwenda kuchukua kitambulisho, fomu ikuulize kabila. “Nijaze lipi?” ndivyo ulivyouliza.

Jaza Mbajuni. Ndilo la baba yako, makarani ndivyo wanavyotaka, na hujadanganya. Kadi yenyewe ikitoka haiandikwi kabila, kwa hiyo usilikoseshee usingizi. Mama zako wadogo nao watakwambia babu yetu alitoka Hadhramaut, Yemen, na msimu wa kaskazi, akaoa Siyu, na wanalisema hilo kana kwamba yule bibi wa Siyu hakuwa na kwao. Wasikilize kwa adabu, kisha uniulize mimi habari zake huyo bibi.

Mwanangu, ukianza kuchambua watu wa mji huu nani katoka wapi, hatabaki mtu. Tazama Maulidi. Kila mwaka mji unajaa wageni mpaka watu wanalala darini, na msikiti wanaoujia ni Riyadha, wa Habib Swaleh, ambaye asili yake ni Ngazija, visiwa vya Komoro. Alipokuja hakupokelewa na kila mtu kwa mikono miwili. Alikaa mtaa wa Langoni, akasomesha watu ambao wakubwa wa Mkomani hawakuwahesabu, na wengine walimchukia kwa hilo hilo. Leo nitajie mtu mmoja anayethubutu kusema Habib Swaleh si wa Amu. Hakuna fomu iliyompa huo uenyeji. Walimpa wale aliowasomesha, na watoto wao, na wajukuu. Kwa hiyo swali lako la “mimi ni nani” mimi nisingelipeleka kwa babu wa Hadhramaut wala kwa karani. Ningeuliza: ni nani hapa duniani, jambo lake likiwa mikononi mwako, analala bila wasiwasi? Kwa umri wako watu hao watakuwa wachache. Si aibu.

Nije kwenye lawama zako. Umesema “wazee wametuharibia kisha wanatulaumu.” Hapo niko nawe. Watoto wa mtaa wetu walioangukia kwenye unga wa kulevya hawakuuleta wao; uliletwa na watu wazima, wenye mtaji, na baadhi yao tunawapa salamu kwa heshima na kuwaweka mbele harusini. Yule kijana wa nyuma yetu aliyekuwa akiiba sufuria, unamkumbuka? Alihamia Malindi kwa sababu ya kliniki ya methadoni, dawa ya kuwaachisha watu unga, iliyofunguliwa huko mwaka 2015. Dawa ile hunywewa mbele ya muuguzi, siku baada ya siku, kwa hiyo huwezi kuichezea. Sasa anafanya kazi. Mamake ndiye anayeniambia, na akiniambia huwa anashusha sauti, kana kwamba kupona nako ni fedheha. Hilo la kushusha sauti ungeliandika kwenye insha, maana ni letu sisi wakubwa.

Lakini sentensi yako kwamba “kijana hana la kufanya mpaka apewe nafasi” siikubali. Ulikuwa mdogo walipotaka kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe kule Kwasasi. Serikali iliutaka, wenye fedha waliutaka, leseni ilikuwa imeshatoka. Wanaharakati wa Save Lamu na wenzao wakaipinga, na Juni 2019 jopo la taifa la kesi za mazingira likaifuta leseni, moja ya sababu ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Mimi nawakumbuka vijana waliokuwa wakipita baraza kwa baraza na makaratasi yao, wanawaeleza wazee moshi ni nini na majivu yatakwenda wapi. Baba yako alikuwa akiwacheka. Hakuna aliyewapa nafasi wale; walikuwa wameisoma ile ripoti nene, na wazee walipoona wanajua wanachosema wakaanza kuwasogezea kahawa.

Halafu hesabu yako ya ujana nayo haiko sawa. Katiba inamwita kijana mtu aliyefika miaka 18 na hajatimiza 35. Wewe kisheria bado mtoto. Ami yako ana mvi za ndevu na angali mwenyekiti wa kikundi cha vijana, sasa sijui hilo tulishitaki wapi.

Nina ombi. Mdogo wako ameanza kukosa madrasa. Jioni anakaa na watu wa bodaboda, na baba yake akimkanya anainamisha kichwa tu. Sikutumi umchunge, wala sitaki uniletee habari zake. Ila wewe huwa anakusimulia mambo. Ukija likizo mchukue mwende Shela kwa miguu, muongee, na atakayokwambia yabaki kwenu, isipokuwa ukiona ni jambo la hatari. Kulipima hilo nakuachia wewe.

Mambo ya kitambulisho tutayafanya hapa hapa Amu. Cheti chako cha kuzaliwa ninacho, nakala za vitambulisho vyetu ninazo, na kwa chifu nitakwenda mapema. Sisi wakati wetu tulipigwa msasa mpaka tukaulizwa majina ya mababu wa mababu, eti tuthibitishe si watu wa ng'ambo ya mpaka. Mwaka 2025 Rais alitangaza akiwa Wajir kwamba huo msasa wa ziada kwa kaunti za mpakani umefutwa. Hata hivyo nitabeba karatasi zote, na bibi atakuja na magoti yake, maana anataka awepo. Uchaguzi ni 2027, na amesema lazima wewe na yeye mpige kura pamoja.

Fedha za matumizi nimempa ami. Yule rafiki yako usimkopeshe tena kabla hajalipa zile za mwanzo.

Mamako