Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama, Jambiani, Mwaka 2024

Assalaam alaykum. Bwana asifiwe. Na wale wasiokuwa huku wala kule, habari za mchana.

Bwana Sheha, wazee wangu, ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma Mhazini, na karatasi zake zimebandikwa mlangoni tangu Ijumaa, kwa hivyo mimi sitagusa shilingi. Nitasema habari za watu, na nitaanza na jambo la aibu.

Mwezi wa Juni, kusi likiwa limeshika, alifariki fundi mmoja hapa kijijini. Nyote mlimjua kwa jina la Fundi Tailisi. Hata sakafu ya ukumbi huu ni kazi yake. Tazameni pale pembeni, alivyokata kipande kikaukumbatia mguu wa nguzo bila ya kuacha ufa. Homa ilimkamata Jumatatu, Alhamisi hayupo. Hospitali wakaniuliza jina lake kamili. Nikanyamaza. Nikampigia Bi Katibu, naye akanyamaza. Daftari letu limeandikwa: "Fundi Tailisi, ada amelipa." Ada ya miaka minne tumeichukua, jina hatujui.

Kitambulisho hakikuonekana chumbani kwake, na simu yake ilikuwa imefungwa kwa namba za siri. Tukaitia chaji, tukakaa barazani kuingoja ilie. Imamu alikuwepo, na mchungaji wa wenzetu wa mahotelini alikuwepo, kila mmoja akimuuliza mwenzake: "Wako au wangu?" Alipokuwa hai, Ijumaa msikitini hakuwa akionekana, na Jumapili alikuwa kazini na msumeno wake. Hawakugombana. Kila mmoja aliogopa kumzika mtu kwa dini isiyokuwa yake. Simu ililia siku ya pili baada ya laasiri. Alikuwa dada yake, kutoka Mbozi. Niliipokea mimi, na yale mazungumzo mniwie radhi, sitayasimulia.

Tulichanga, akavushwa kwa boti na kupelekwa kwa gari mpaka kwao, na wenzetu wawili walimsindikiza. Tumesifiwa sana kwa safari ile. Mimi sifa hiyo bado sijaipokea, maana mtu wetu tumemjua akiwa maiti.

Ndiyo sababu ya daftari jipya lililowatia watu wasiwasi mwezi wa Julai. Tunaandika jina kamili, kwenu wapi, namba ya ndugu mmoja, na ukifariki uzikwe vipi na wapi. Wiki ya mwanzo hakuja mtu. Ikazagaa kwamba orodha inakwenda Uhamiaji, wengine wakasema inakwenda polisi. Sikuwalaumu. Mtu aliyehama makwao akiona mtu ameshika kalamu, moyo wake hukimbilia kwenye karatasi asizokuwa nazo. Bi Katibu akalitatua kwa akili yake: akajiandika yeye mwanzo, akamwandikisha mumewe, kisha akalikabidhi daftari kwa mama mmoja wa Kitanga anayefunga mwani pamoja na akina mama wa hapa. Akawa anaandika huko huko pwani, maji yakitoka. Leo kurasa nyingi zina madoa ya chumvi, na naona ndizo bora kuliko zote.

Hodi hodi za kuandikisha watoto skuli nazo hazikukosekana. Kuna mama alizungushwa na ofisi moja, ambayo siitaji, muda wa wiki nzima kwa ajili ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake, kila siku akiambiwa alete barua nyengine. Nawakumbusha kwamba kwa Sheria Namba 3 ya 2018 tuna Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na kazi yake ni kusajili kila anayezaliwa na anayefariki hapa Zanzibar, awe Mzanzibari asiwe. Ukikwama usikae na machungu yako ndani. Bwana Sheha yupo, na mimi nitakufuata nyuma.

Ramadhani ilipita salama kuliko mwaka uliotangulia. Wenye mabanda ya chakula walitundika makuti upande wa njiani, wala hakuna aliyegombezwa. Siku ya futari ya pamoja tulimtuma kijana mmoja, mgeni kutoka Mwanza, akanunue tungule na mbatata. Alirudi mikono mitupu, jasho linamtoka: sokoni kote ameona nyanya na viazi tu! Tulicheka mpaka adhana ikatukuta. Lakini yule kijana alicheka akatazama chini, nami nikakumbuka nilivyokuwa Dar es Salaam nikiambiwa naongea kama redio ya zamani.

Darasa la Kiswahili kwa wageni wa Ulaya wanaoishi hapa halikufanikiwa. Walikuja wawili, kisha mmoja, kisha mwalimu. Mpira wa ufukweni umeendelea.

Sasa nije kwenye neno "wakuja", wanaloitwa waliohamia hapa. Mwaka huu nimelisikia kwenye vikao vyetu zaidi ya mara moja, na "chogo", tusi la kuwaita watu wa bara, nimelisikia mara moja, nikamtoa nje aliyelisema, ingawa ni mtoto wa dada yangu. Mimi nimezaliwa hapa. Lakini babu yangu mzaa baba alikuja kwa ngalawa kutoka Tumbatu, na mpaka anakufa wazee wenziwe walimwita Mtumbatu. Tuchokonoane kidogo tu, kila nyumba itatoa ngalawa yake. Nasi ni watu wa kusini: wenzetu wa Makunduchi sikukuu ya Mwaka Kogwa ikiingia, nyumba isiyokuwa na mgeni hujiona imepungukiwa. Mgeni wa siku ya Mwaka tunamgombania, kwa nini wa mwaka mzima tumtafutie jina?

Mwani ulipoanza kulimwa kwa biashara hapa na Paje mwaka 1989, ungeweza kumtaja kila mtu wa kijiji na mama yake. Siku hizo zimekwisha. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar nzima; ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Wengi ni watoto wetu tuliowazaa wenyewe, sikatai. Lakini atakayesimama njia ya pwani asubuhi, mahoteli yakifungua milango, ataona nani anakwenda kazini.

Na katiba ya jumuiya yetu hii, Kifungu cha 9, bado inasema mjumbe wa Kamati lazima awe mzaliwa wa Jambiani. Wanaolipa ada tunawapokea, kwenye kufagia ufukwe tunawaita, kwenye kuamua tunawaambia wakae nje. Nakiri kifungu hicho niliandika kwa mkono wangu, na wakati ule niliogopa tutamezwa. Kamati inapendekeza maneno "mzaliwa wa" yaondoke, yawekwe "mkaazi wa Jambiani kwa muda usiopungua miaka mitatu". Wazee wawili wa Kamati wamepinga, na watapewa nafasi ya kusema kabla yangu mimi.

Kura itapigwa baada ya chai. Karatasi anazo Bi Katibu, na asiyeweza kusoma atasomewa na mtu anayemchagua mwenyewe. Kabla ya kuchukua karatasi, kila mmoja apite kwenye meza ya daftari aangalie kama jina lake limeandikwa lote.