Msimpime Omtzigt kwa chama chake

Mhariri,

Katika makala yenu kuhusu uchaguzi wa Uholanzi wa Oktoba 29, 2025, mwanasiasa Pieter Omtzigt alipewa sentensi moja tu: alianzisha chama, NSC, kikapata viti 20 mwaka 2023, na safari hii kimetoka mikono mitupu. Hesabu hiyo sina ugomvi nayo. Ila mtu huyu aliingia bungeni Juni 2003, na miaka ishirini ya kabla ya hicho chama mmeiruka kana kwamba alikuwa amelala. Mimi ninaishi Twente, upande wa mashariki alikokulia, na huku hakumbukwi kwa chama.

Wasomaji wa nyumbani wafahamu kwanza kuwa Uholanzi haina majimbo kama yetu. Nchi nzima inagombea viti 150 kwa pamoja. Karatasi ya kura ni pana kama kitambaa cha meza, imejaa orodha za vyama, nawe unachagua jina moja. Kura inakwenda kwa chama, na kwa kawaida wanaopita ni wale waliopangwa juu. Mwaka 2012 chama chake cha wakati huo, CDA cha wanademokrasia Wakristo, kilimpanga wa 39. Kikapata viti 13. Kwa hesabu ya kawaida alikuwa amekwisha. Lakini sheria inampitisha mgombea ambaye kura za jina lake zimefika robo ya zile zinazohitajika kwa kiti kimoja, hata akiwa mkiani. Yeye alipata zaidi ya 36,000, kiwango hicho mara mbili na ushee, akarudi bungeni bila kumshukuru mkubwa yeyote wa chama.

Nadhani ndiyo maana aliweza kufanya aliyoyafanya baadaye. CDA ilikuwa serikalini chini ya waziri mkuu Mark Rutte, naye akaishupalia serikali hiyohiyo kwa maswali kuhusu ruzuku ya malezi ya watoto. Mamlaka ya kodi ilikuwa imewaita maelfu ya wazazi matapeli, wengine kwa kosa dogo la fomu au saini iliyosahaulika, ikawadai warudishe makumi ya maelfu ya euro. Wenye uraia wa nchi mbili walimulikwa zaidi. Wapo waliopoteza nyumba na ndoa. Omtzigt, pamoja na Renske Leijten wa upinzani, aliuliza, akajibiwa nusu, akauliza tena. Nyaraka zilikuja zimefutwa kwa wino mweusi ukurasa mzima. Huyu ni mtaalamu wa takwimu za uchumi mwenye shahada ya uzamivu. Kusoma mafaili yanayochosha wengine ndiyo starehe yake. Desemba 2020 kamati ya bunge ilitoa ripoti iliyoita mambo hayo dhuluma isiyo na kifani, na Januari 15, 2021 serikali ikajiuzulu.

Machi mwaka uleule kura za jina lake zilifika 342,472, zinazotosha karibu viti vitano, ilhali hakuwa hata kinara wa orodha. Siku chache baadaye mjumbe wa mazungumzo ya kuunda serikali alipigwa picha akitoka haraka na karatasi kwapani. Juu yake ilisomeka: nafasi ya Omtzigt, kazi kwingine, yaani atafutiwe kazi nyingine. Rutte alikana kumzungumzia. Kumbukumbu za kikao zikaonyesha alimzungumzia.

Simpambi. Uongozi wa chama ulimshinda. Alisitasita mno, kisha akakubali kuunga mkono serikali pamoja na Geert Wilders, kiongozi wa mrengo mkali wa kulia, na wengi waliompigia kura 2023 hawakumsamehe. Alikuwa ameshaugua kwa uchovu wa kazi kabla ya kutangaza, Aprili 2025, kwamba anaacha siasa. Uchaguzi mliouandika hata hakugombea, kwa hiyo kumhukumu kwa matokeo yake ni kumbebesha maiti iliyozikwa na wengine.

Mkipata nafasi ya kurudi kwenye habari hii, mwandishi wenu aangalie fidia za wale wazazi. Malipo ya awali ya euro 30,000 yalitangazwa zamani, lakini wapo ambao hasara yao halisi bado inapigiwa hesabu, na watoto waliokuwa chekechea wakati ule sasa wanajaza fomu zao wenyewe.

Msomaji wenu,
Twente, Uholanzi