Kwenu Vijana wa Sindano na Uzi: Anzeni na Kifungo

Wanangu,

Salamu kwenu nyote mnaofuma, mnaodarizi, na ninyi mnaosema kila siku kwamba mtaanza mkipata nafasi. Barua hii niliianza jana nikiwa na hasira. Nikaiacha ilale ipoe, asubuhi nimeikuta bado ya moto. Basi ipokeeni hivyo hivyo.

Nilialikwa kutazama kazi za kikundi cha vijana waliomaliza mafunzo ya kroshia. Kazi zilikuwa nzuri, siwezi kuwanyima haki yao: mikoba, kofia, blauzi za matundu, foronya zilizodariziwa pembeni. Binti mmoja akanionyesha blauzi aliyoifuma mwenyewe, vitanzi vyote saizi moja, hakuna kilicholegea. Nikainama nitazame ukingo wake wa chini, macho yakaangukia sketi. Upindo wa ile sketi ulikuwa umebanwa kwa pini za stepla. Zile zile za karatasi! Zimepangwa mstari mzima, nyingine zimeshika kutu na kuacha doa la kahawia kwenye kitambaa. Nikamuuliza, "Mwanangu, hii nini?" Akacheka. "Bibi, ulifumuka, na mimi kushona sijui. Najua kroshia tu." Wenzake nao wakacheka, na mmoja akafungua koti kunionyesha pini mahali palipokuwa na kifungo.

Sikucheka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, hiyo mnaijua tangu utotoni, kumbe ufa wa nguo mnauziba kwa stepla.

Sina ugomvi na kroshia. Nimeifuma mpaka vidole vimepinda. Ugomvi wangu ni na hawa wanaowafundisha pambo na kuwaficha matengenezo, na ninyi mnaokubali kufundishwa hivyo. Kwa nini mnaanza na blauzi? Kwa sababu blauzi inapigwa picha. Upindo uliorudishwa vizuri hauonekani kabisa, na hiyo ndiyo sifa yake, kwa hiyo hakuna anayeupigia makofi. Mtu anajaza kikapu nyuzi za kila rangi, anamaliza mkoba wa tatu, na kabatini ana suruali nzima iliyofumuka mshono mmoja wa katikati ya mapaja, anangoja kuitupa. Mshono wa urefu wa kidole!

Tuanze na kifungo, hapa hapa, mtu asije akasema hakufundishwa. Tunga uzi, ukunje uwe mara mbili, piga fundo. Ingia kwa upande wa ndani wa nguo, toka kwenye tundu la kifungo. Kabla hujarudi chini, laza njiti ya kiberiti juu ya kifungo, ushone ukipita juu yake, mara nne au tano kwa kila jozi ya matundu. Kisha chomoa njiti. Uzi utabaki umelegea, na hivyo ndivyo tunavyotaka. Vuta kifungo juu, pitisha sindano katikati ya kifungo na nguo, zungusha uzi pale chini mara kadhaa mpaka kisimame kwenye shingo yake. Malizia kwa fundo upande wa ndani. Ile shingo ndiyo nafasi ya kitambaa cha upande wa pili kukaa unapofunga. Kifungo kilichobanwa kabisa kinaikunja nguo, na kila ukifunga kinaivuta, mpaka siku moja kinang'oka na kipande cha kitambaa. Hapo sasa utahitaji kiraka.

Upindo nao: sindano nyembamba, uzi wa rangi iliyokaribia ya nguo, na kwa upande wa nje uchukue nyuzi moja au mbili tu za kitambaa kila unapochoma. Usikaze. Ukikaza, vishimo vitaonekana kwa nje.

Tundu la soksi au la kiwiko cha sweta haliungwi kwa kuvuta midomo yake ikutane. Ukifanya hivyo unapata uvimbe unaokukera mguuni. Kutililia ni kufuma kitambaa kipya mahali pa kile kilichokwisha. Unaanza mbali kidogo na tundu, kwenye sehemu ambayo bado ina nguvu, unapitisha nyuzi wima hadi ng'ambo. Halafu unageuka, unapita kwa mlalo, juu ya uzi mmoja, chini ya mwingine, na mstari unaofuata unabadilisha. Sufu izibwe kwa sufu, pamba kwa pamba. Na tundu lizibwe kabla nguo haijafuliwa, maana kusuguliwa na kukamuliwa kunalipanua. Kiraka cha kitambaa kipya ndicho kifuliwe kwanza, kijikunje kabla ya kushonwa, na nyuzi zake zielekee kule zinakoelekea za nguo. Pembe zake zizungushe kidogo, kwa kuwa pembe kali ndiyo inayoanza kubanduka.

Najua mtakachonijibu. "Bibi, kiraka ni aibu." Aibu ya nani? Watu maskini wa kaskazini mwa Japani, kule ambako pamba haikustawi kwa baridi, walishona viraka juu ya viraka vizazi kwa vizazi, mpaka nguo ya awali haijulikani ni ipi. Nguo hizo, wanaziita boro, leo zimetundikwa kwenye makumbusho, na matajiri wanazigombea. Wanawake wa Bengal, huko India na Bangladesh, walipanga sari kuukuu moja juu ya nyingine, wakazishona kwa mishono midogo ya kupita na kutoka, wakapata mablanketi ya kantha ambayo sasa yanauzwa dunia nzima. Kile kitambaa cha Bayeux huko Ufaransa, kilichodariziwa karne ya 11 kwa uzi wa sufu juu ya kitani, urefu karibu mita 70, watu wamesafiri miaka mingi kwenda kukitazama kwa habari zake za vita vya kuiteka Uingereza mwaka 1066. Wachache wanaangalia kwa makini wakaona viraka vilivyojaa mle ndani. Bila waliovitia, kusingekuwa na cha kutazama.

Uingereza wakati wa vita kuu ya pili na baada yake nguo ziligawiwa kwa mgao, kuanzia 1941 hadi 1949, na mwaka 1943 serikali ikatoa kijitabu cha kuwafundisha raia kutengeneza walichonacho. Serikali nzima ilikaa chini kuandika habari za viraka. Na Ufaransa, tangu mwaka 2023, mtu akipeleka nguo au viatu kwa fundi aliyesajiliwa kwenye mpango wao, anapunguziwa sehemu ya malipo. Wenye pesa zao wanabembelezwa watengeneze, nanyi mnaona haya.

Lakini lawama si zenu peke yenu. Nani aliwaambia watoto kwamba sindano ni ya walioshindwa shule? Ni sisi wazazi. Nani aliwaambia wavulana kwamba si kazi yao? Ni sisi tena, huku tukisahau kwamba mafundi cherehani tunaowapelekea suti zetu wengi ni wanaume. Yule mpiga mbizi wa Uingereza, Tom Daley, alikaa kwenye jukwaa la watazamaji Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 akifuma mbele ya kamera, na medali yake ya dhahabu akaifumia kifuko isikwaruzwe. Hakuna aliyemnyang'anya medali kwa hilo.

Na viwanda navyo vinalipua kazi. Geuzeni ndani nje nguo nyingi za siku hizi mtazame mshono: ukingo umekatwa mwembamba hata huna pa kuushika ukitaka kuupanua, uzi unakatika kwa kuvuta kidogo. Nguo imeshonwa itupwe. Ndiyo maana nasema ukijua kutengeneza unajua pia kununua. Utaivuta mishono dukani kabla ya kuuliza bei.

Sasa kroshia yenyewe, maana sitaki mwondoke mkidhani naichukia. Jifunzeni kwanza duara bapa. Vitanzi sita katikati, mzunguko wa pili viwe kumi na viwili, wa tatu kumi na nane, unaongeza sita kila mzunguko kwa mshono ule mfupi. Ukiongeza pungufu, duara linainama na kuwa bakuli, na hapo ndipo kofia inapozaliwa. Ukizidisha, kingo zinaanza kucheza mawimbi. Mwanafunzi anaona hayo mawimbi anasema uzi mbaya. Uzi hauna kosa, hesabu ndiyo imezidi. Mwaka 1997 mwanahisabati Daina Taimiņa wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alizidisha makusudi, kwa uwiano ule ule mstari hadi mstari, akapata mfano wa kushikika wa jiometri ya haipaboliki, yaani ya maumbo yanayocheza mawimbi kila mahali, ambayo wenzake walikuwa wakiitengeneza kwa karatasi zinazochanika. Wanafunzi wake wakawa wanaikunja na kuigeuza mikononi.

Kwa hiyo hesabuni. Na mkikosea, fumueni. Kroshia ni rehema kwa hilo: kitanzi kimoja tu ndicho kilicho hai, ukivuta uzi kazi inarudi nyuma kwa utulivu mpaka pale ulipopotea. Lakini nawaona mnavyofanya. Mnaona kosa mstari wa tatu, mnajisemea halitaonekana, mnaendelea hadi wa ishirini, kisha mnamletea mtu blauzi yenye bega moja juu na mnamwambia ndiyo mtindo. Si mtindo huo, ni uvivu!

Jingine kuhusu bei. Kuna nguo za kiwandani zinazofanana na kroshia, zimefumwa kwa mashine kwa namna nyingine, lakini kroshia yenyewe inayouzwa madukani imefumwa na mikono ya mtu. Ukiiona kwa bei ya kutupa, jua kuna mtu mahali fulani amelipwa kidogo kuliko uzi. Njaa ilipoikumba Ireland kuanzia 1845, viazi vilipooza mashambani, wanawake na wasichana walifuma lesi za kroshia wakalisha nyumba zao. Kazi hii imewahi kubeba watu kwenye dhiki ya kweli. Anayekuambia "ni uzi tu, nipunguzie", mpe uzi na sindano, aende akafume.

Yaliyobaki nayataja tu. Mkasi wa kitambaa usikate karatasi. Uzi wa kazi moja ununue wote kwa pamoja na uangalie namba ya fungu la rangi, maana rangi hupikwa kwa mafungu na hazifanani. Uzi mwekundu uloweke kwanza uone kama unatoa rangi. Ukidarizi, geuza nyuma kila baada ya muda, usiburute uzi mrefu kutoka ua hadi ua. Vaa kastabini, kile kifuniko cha kidole. Shona kwenye mwanga. Kiganja kikianza kuuma, acha, si ushujaa.

Walimu wa vikundi, neno la mwisho ni lenu. Mwanafunzi asiguse sindano ya kroshia kabla hajaleta nguo tatu zake mwenyewe, moja imepoteza kifungo, moja imefumuka, moja imetoboka, na kuzirudisha zikiwa zimepona, huku mmezivuta mkaona hazifumuki. Watalalamika. Wa kwanza kulalamika atakuwa yule mwenye kikapu kikubwa kuliko wote. Kikapu kiwekeni kwenye kabati, mlifunge, na ufunguo apewe siku atakayorudi na kifungo chenye shingo.

Ni mimi bibi yenu.