Programu Ni ya Bure, Mbona Ankara ya Siku Tatu?

Wiki jana mama mmoja mwenye maduka matatu ya dawa, moja hapa Kisumu na mengine Luanda na Mbale, aliingia ofisini kwetu karibu na soko la Kibuye akiwa ameshika ankara yetu. Hakutaka kiti. "Fundi, hii programu ya mauzo ni ya bure. Mpwa wangu aliishusha kwenye intaneti akaiweka kwa robo saa. Nyinyi mmeniandikia siku tatu. Siku tatu za nini?"

Swali hilo tunaulizwa karibu kila mwezi, na kwa hasira, kwa sababu anayeuliza anaamini ameibiwa. Mama ameniruhusu nieleze kazi yake bila kumtaja jina, basi nitajibu kupitia kazi hiyo.

Ni kweli programu ni ya bure, na hatujawahi kumuuzia mtu programu ya bure. Kinacholipiwa ni kifurushi. Ukituma mzigo kwa basi kutoka hapa hadi Busia, mzigo huandikiwa karatasi: umetoka kwa nani, unapokelewa na nani, ndani mna nini. Kifurushi cha Debian au Ubuntu, mifumo ya Linux inayoendesha kompyuta, ile faili inayoishia na .deb, kimejengwa vivyo hivyo. Upande mmoja kuna faili za programu. Upande wa pili kuna maelezo: jina, namba ya toleo, anayekitunza, na zaidi ya yote, orodha ya vifurushi vingine ambavyo lazima viwepo ndipo hiki kifanye kazi. Kikishaingia, mashine huweka kumbukumbu ya kila faili na mahali ilipokaa. Siku ukitaka kukitoa, inajua pa kushika.

Sasa ile robo saa. Mpwa alifanya jambo hili zamani akiwa bado chuoni, na kila fundi analijua: alishusha msimbo, yaani maandishi ambayo programu hujengwa kutokana nayo, akaandika ./configure, kisha make, kisha sudo make install. Programu ikawaka siku hiyo hiyo, na simlaumu kijana. Lakini amri ya mwisho humwaga faili ndani ya folda ya /usr/local ikaondoka. Hakuna daftari linaloandikwa. Kompyuta yenyewe haijui ni nini kilichoingia.

Pamoja na programu, alikuwa amejenga kwa mkono libpq, maktaba (msimbo ulio tayari ambao programu nyingine huuazima) ambayo programu huitumia kuzungumza na hifadhidata ya PostgreSQL. Ilikuwa toleo la 9.6. Mwaka huu seva ilipandishwa kutoka Ubuntu 20.04 hadi 22.04, PostgreSQL ikatoka 12 ikawa 14, nywila zikawekwa upya, na kesho yake asubuhi programu ya mauzo ikagoma wateja wakiwa kwenye foleni. Ujumbe ulisema uthibitishaji wa SCRAM, njia ya PostgreSQL ya kuhakiki nywila, unahitaji libpq toleo la 10 au zaidi. Libpq ya Ubuntu ilikuwepo, toleo la 14, haina kasoro yoyote. Ila Debian na Ubuntu hutafuta maktaba kwenye /usr/local/lib kabla ya kwenda /usr/lib, kwa hivyo kila mara programu iliokota ile kuukuu. Miaka yote hiyo mama alikuwa akisasisha seva yake kila mwezi, na masasisho hayakuigusa maktaba hiyo hata siku moja.

Siku ya kwanza yote iliishia hapo. Tuliiuliza mashine kwa amri ya dpkg -S faili ile ni ya kifurushi gani, ikajibu haimjui mwenyewe. Ikabidi tupitie /usr/local faili moja moja, tukilinganisha tarehe, tukiamua ipi ni ya programu ya dawa, ipi ilibaki kutoka jaribio lililosahauliwa, na ipi ikifutwa itaangusha printa ya risiti. Zilikuwa faili zaidi ya 600. Robo saa ya mpwa ndiyo iliyokula siku nzima ya mafundi wawili.

Njia ya mkato ya aina hii tunaiona pia kwa sudo pip install, amri ya kuongeza vipande vya lugha ya programu ya Python. Tangu Debian 12 ilipotoka mwaka 2023, mfumo huikataa amri hiyo na kukueleza kwamba Python hii inasimamiwa na mfumo wenyewe. Mwalimu mmoja upande wa Kakamega alitupigia simu akidai tumemfungia mashine. Hatukufunga chochote. Kabla hatujafika alikuwa amepata kwenye intaneti chaguo la --break-system-packages, akaliandika jinsi lilivyo, ingawa jina lake linatamka wazi kwamba litavunja vifurushi. Zana za mfumo zinazotegemea Python zikaanza kuanguka moja baada ya nyingine. Angetengeneza mazingira ya pekee kwa amri ya venv, kazi ya dakika mbili, asingetuhitaji kabisa. Hilo nilimwambia bila kumtoza.

Turudi kwa mama. Siku ya pili ndiyo siku ya kujenga kifurushi chenyewe, na hatukijengi kwenye laptopu ya fundi. Laptopu ya fundi ina vitu mamia alivyoviweka akavisahau, na programu huviegemea kimyakimya. Sisi hutumia sbuild, ambayo hufungua Ubuntu tupu, isiyo na kitu, na kujenga humo. Kilichokosekana kwenye orodha ya mahitaji huonekana papo hapo. Kwa programu ya mama ilikosekana maktaba ya kuchora milia ya bei (barcode) kwenye lebo. Mpwa hakuiorodhesha kwa sababu kwake ilikuwepo tayari. Heri ikatae hapa Kibuye kuliko ikatae Luanda saa tatu usiku, mgonjwa akiwa dirishani.

Halafu kuna faili za mipangilio zilizo ndani ya folda ya /etc. Hapa nitasema kosa letu wenyewe, kwa sababu ndilo lililotufundisha. Tulipoanza, tulimfungia mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi kifurushi kwa dpkg-deb, zana ya kufunga kifurushi tu, moja kwa moja, na hatukuandika kwamba faili yake ya mipangilio ilindwe. Tulipomletea toleo jipya, mipangilio yake ikafunikwa na ile ya mfano. Risiti zikatoka na namba ya till ambayo haikuwa yake, hadi mteja mmoja alipouliza mbona jina linalotokea kwenye simu ni jingine. Tulirekebisha usiku ule ule bila malipo. Tangu hapo tunatumia debhelper, zana ya kujengea vifurushi, ambayo huandikisha kila faili iliyo ndani ya /etc ilindwe, na hakuna kifurushi kinachotoka hapa kabla hatujakijaribu mara tatu: kukiweka kipya, kukiweka juu ya toleo la zamani lenye mipangilio iliyobadilishwa, na kukiondoa tukihakikisha hakikuacha uchafu. Kazi hiyo haionekani. Ukifika dukani unaona fundi amekaa tu, anatazama maandishi yakipita.

Wengine hutuuliza kwa nini tusiendeshe tu ile amri iliyoandikwa kwenye tovuti ya programu, curl ikielekezwa kwa sudo bash, yaani kushusha maandishi ya amri na kuyaendesha papo hapo kwa mamlaka yote ya mashine. Kwa sababu hapo unampa mtu usiyemjua ufunguo wa nyumba yote kabla hujasoma alichoandika. Mnamo Machi 2024 Andres Freund, mmoja wa mafundi wanaoijenga PostgreSQL, aligundua mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana faili iliyo karibu kila mahali kwenye Linux, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Kilichomshtua ni kwamba kuingia kwenye mashine ya mbali kwa ssh kulichelewa kama nusu sekunde. Sehemu iliyouwasha mlango huo ilikuwa kwenye furushi la msimbo lililotolewa kwa umma, lakini haikuwemo kwenye hazina ya git, mahali msimbo unapoandikiwa, ambayo watu huikagua. Ndiyo maana sisi hulinganisha furushi na hazina kabla ya kujenga, hata kama inatula nusu siku. Mlango huo ulikuwa umeshaingia kwenye matawi ya majaribio ya Debian, ila si kwenye toleo thabiti. Na kwa kuwa kila kitu kilikuwa kwenye vifurushi, Debian waliweza kuwarudisha watu nyuma kwa kutoa kifurushi chenye namba 5.6.1+really5.4.5-1. Namba hiyo ndefu ina sababu: mashine huchukua namba kubwa kama sasisho, kwa hivyo msimbo wa zamani ulipewa namba iliyo juu. Aliyejenga xz kwa mkono alibaki kuitafuta mwenyewe.

Siku ya tatu tuliimalizia Luanda na Mbale. Zamani masasisho yalipelekwa kwa flashi ndani ya matatu, na tulipofika tulikuta maduka matatu yana matoleo matatu tofauti, ndiyo maana hesabu ya dawa ilikuwa haikubaliani kila mwisho wa mwezi. Sasa kifurushi kimewekwa kwenye hazina yetu ya vifurushi, hazina imetiwa sahihi kwa ufunguo wa GPG unaothibitisha kwamba imetoka kwetu, na kila duka hukichukua usiku kwa apt, zana ya Debian na Ubuntu ya kushusha na kuweka vifurushi. Bando likiisha katikati au stima ikipotea, faili isiyokamilika haitalingana na alama yake ya SHA256, namba inayokokotolewa kutoka kwenye faili nzima, na haitawekwa.

Ankara ilikuwa shilingi 24,000. Mama alitaka kulipa nusu na kuona kwanza. Tulikubali, tukaenda naye hadi dukani, tukaitoa programu mbele yake kwa apt remove. Skrini ikabaki tupu naye akashika kichwa. Tukairudisha kwa amri moja. Mauzo ya asubuhi yalikuwepo yote, mipangilio yake ilikuwepo, namba ya till ni yake. Akatuma nusu iliyobaki kwa M-Pesa papo hapo kaunta. Kuanzia mwezi huu kila mteja atalipa hivyo: nusu tukianza, na nusu baada ya kuona programu yake ikitolewa na kurudishwa mbele ya macho yake.