Mama mkwe anataka mwanangu akatwe kimeo

Shangazi, shikamoo.

Mwanangu wa miaka mitatu alimeza betri ya rimoti, ile bapa ya duara inayofanana na sarafu. Hakuna aliyemwona. Tuliona tu udenda unamtoka, anakohoa, chakula hataki, na nyumba nzima ikasema kimeo. Bahati baba yake aliikuta rimoti haina kifuniko, tukakimbilia hospitali. Kwenye eksirei nami niliona sarafu, lakini daktari akatuonyesha mduara wa pili ndani ya ukingo: hiyo ni betri. Usiku huohuo akapigwa nusu kaputi, wakaitoa kwa kamera.

Nilidhani betri huunguza ikivuja tu. Kumbe hata ikiwa nzima, ikinasa kwenye umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, umeme wake hukutana na majimaji ya mwili, ikazalika kemikali kali, na ndani ya saa mbili nyama imeanza kuungua. Na kuitoa si kumaliza. Kidonda kikipona huacha kovu, kovu likabana njia. Ndiyo yaliyompata mwanangu. Uji anakunywa, mtori unapita, tonge la ugali hukwama na kurudi. Alipanuliwa umio akapata nafuu, sasa hali imerudi palepale. Daktari anataka tumpeleke tena, na ametuambia mapema kwamba huenda ikawa zaidi ya mara moja.

Mama mkwe hataki kusikia. Kwake, mtoto anayepaliwa hivi ana kimeo, akatwe yaishe. Wanawe wote walikatwa na wako hai. Mkata vimeo ameshaongea naye. Daktari kasema kimeo hakihusiki kabisa, na kukikata ni kumwongezea mtoto kidonda, damu na maambukizi. Mume wangu yuko katikati, anasema nauli na gharama za kwenda na kurudi zinamchosha, na hapo simlaumu.

Mama huyu ndiye aliyenilea nilipojifungua, siwezi kumjibu ovyo. Lakini wiki ijayo narudi kazini, na mtoto hubaki naye kutwa.

Nimwombe tuongozane kliniki amsikie daktari mwenyewe, au ataona namsuta? Au nimtume wifi yangu mkubwa, ambaye neno lake hulisikiliza? Na wasomaji ambao watoto wao wamepanuliwa umio, ilichukua muda gani hadi wakala ugali?

Mama Wawili, Tanga